Keremkerem wa Ibra na Chumba cha Kikwajuni

Ibra, Sharqiya, Oman
Ijumaa, 12 Aprili 1985, mwezi wa Rajabu
Mwaka wa ishirini na moja tangu nitoke Unguja, na wa kumi na tatu tangu nikae hapa

Mdogo wangu Raya,

Marahaba. Shikamoo yako imefika, ingawa bahasha ilipita mikono ya watu watatu, wa mwisho akiwa kijana mmoja wa Sur anayekuja Ibra kununua mbuzi. U mzima? Goti linakwendaje siku hizi za masika, na zile ngazi? Sisi hapa, alhamdulillahi, wazima. Zuwena anasumbuliwa na jino na mimi nina sukari yangu, lakini tunakula, tunalala na tunagombana, kwa hiyo usitutilie wasiwasi.

Barua yako haikuzunguka. Umesema mwanao Mbarouk amechumbia, na watu wa mchumba wanataka ndoa iwe Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani, kwa sharti moja: binti yao asilazwe ukumbini nyuma ya pazia. Umesema chumba cha juu katika nyumba ya mama pale Kikwajuni ndicho pekee kilicho wazi, na kwamba tangu niondoke hukumweka mtu humo, kwa kuwa ni changu. Ukaniuliza: "Kaka, unarudi au hurudi? Ukirudi, chumba chako kipo na Mbarouk atangoja. Usiporudi niambie, nijue." Ukaongeza kuwa mambo huko yamelegea kidogo, watu wanakwenda na kurudi, na majirani wetu wa zamani wamekuja kutazama.

Jawabu ninalo. Lakini sitaki ulipokee peke yake, kama mtu anayerushiwa kitu dirishani. Nivumilie kwanza nikupe habari za ndege, maana jawabu lenyewe limenijia mwezi huu nikiwa nao, na hao ndege wewe unawajua.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nimestaafu ualimu. Daktari aliponipima sukari aliniambia nitembee kila asubuhi, nami si mtu wa kutembea bila ya pa kwenda, kwa hiyo nikajipatia njia. Baada ya sala ya alfajiri natoka kwa mlango wa nyuma, nafuata mfereji wa falaji unaopeleka maji mashambani, chini ya mitende, mpaka kuta za udongo zinapokwisha. Hapo njia inashuka kwenye wadi, mto usiokuwa na maji ila siku mvua inaponyesha milimani. Nafuata changarawe mpaka penye ukingo mrefu wa mchanga na udongo, nakaa juu ya jiwe langu, napumzika, kisha narudi kabla ya jua kuwa kali. Zuwena akinisikia nafungua komeo husema huko ndani, "Haya, mwalimu kesha kwenda kufungua skuli ya ndege."

Na kweli ni skuli. Miezi hii mitatu, kabla ya joto kutufungia majumbani, njia ile hujaa. Tetere wapo mwaka mzima, na shore wa hapa, mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia kama wa kwetu, ila lugha yake ni nyingine. Chozi yupo kwenye maua ya mindimu, mweusi ukimtazama huku, wa zambarau akigeuka. Hudihudi wa Nabii Suleimani hutembea mbele yangu njiani kama karani aliyechelewa ofisini. Hao ni wenyeji. Kisha hupita wasafiri: mbayuwayu, ndege mkubwa wa buluu anayekaa juu ya nyaya peke yake, na wengine ambao sijui majina yao wala sijidai kuyajua.

Mwanangu Khalfan aliniletea darubini kutoka Maskati. Niliitumia siku moja tu. Njia yangu inapita karibu na maogeo ya wanawake kwenye falaji, nami sikufikiri. Niliporudi Zuwena alikuwa kesha pata habari.

"Mzee mzima," akasema, "unasimama na darubini penye maogeo ya wake za watu."

"Nilikuwa namtazama chozi."

"Waeleze waume zao ni chozi yupi."

Darubini iko sandukuni. Tangu siku ile natumia macho niliyopewa na Mungu.

Sasa nakuja kwa yule ninayemkusudia. Unamkumbuka keremkerem, Raya. Mgongo wa rangi ya hina, koo la manjano, kifua cha buluu iliyochanganyika na kijani, na mkia wenye sindano inayotokeza katikati. Walikuwa wakija Bububu na mvua za vuli, wanajipanga juu ya waya wa simu kandokando ya shamba la babu, mmoja anaruka, anamnasa nyuki hewani, anarudi pale pale alipotoka. Masika yakianza unaamka asubuhi, waya mtupu. Wewe ulikuwa ukiwawekea maji ndani ya kifuu, na hawakuyanywa hata siku moja.

Machipuko ya kwanza niliyoyaona hapa nilikuwa mtu aliyejikunja. Kazi nilipata, nyumba nilipata, lakini watu wa hapa walituita Wazinjibari kwa namna ambayo siwezi kukuelezea, si tusi na si sifa. Kiarabu changu cha vitabu kiliwachekesha watoto wa darasa la kwanza. Asubuhi moja nikiwa wadini nikasikia juu yangu ile sauti, kama mtu anayesukutua maji taratibu. Nikatazama juu. Kundi zima, wanang'ara. Hapakuwa na mtu, basi nikasema kwa sauti, "Karibuni. Mmetoka nyumbani lini?"

Tangu mwaka ule nikawa nawangoja. Wakifika, mimi ndiye mwenyeji wao. Nilimwambia kila mtu, na darasani nilifundisha, kwamba hawa ni ndege wa Unguja, wanakuja kutuzuru, na mvua za vuli zikikaribia wanarudi kwao. Hakuna aliyenikanusha. Nani wa kumkanusha Mzinjibari juu ya habari za Zinjibar?

Jirani yangu Hamud ndiye aliyekuwa na neno nao. Ni mtu wa hapa hapa, rika langu, hajavuka bahari maishani mwake. Ana mitende na ana nyuki. Mizinga yake ni magogo ya mtende yaliyochimbwa ndani, yamelazwa moja juu ya jingine kwenye kichanja, ncha zimezibwa kwa udongo, tundu moja dogo la kutokea. Wakati huu miti ya sumri, migunga ya huku, inatoa maua, na asali yake ni nyeusi, ya kupewa mzazi na mgonjwa. Keremkerem nao wanajua hayo. Wanakaa juu ya mti mbele ya mizinga na kuwaokota nyuki mmoja mmoja wanapotoka kwenda kazini.

Hamud alikuwa akiwapiga bunduki. Kila mwaka nilisikia mlio nikiwa nyumbani, nami nilikasirika kama ninayepigiwa jamaa. Tulikuwa marafiki kwa kila kitu isipokuwa hicho.

"Jamaa zako wa Zinjibar wamefika, Abu Khalfan," ananiambia. "Wamekuja na njaa zao."

"Mgeni siku mbili," namjibu. "Kwetu tunasema siku ya tatu mpe jembe."

"Hawa siku ya tatu jembe wananipa mimi."

Basi mwishoni mwa mwezi uliopita nilikuwa narudi kutoka wadini, nikampita Hamud amekaa kwenye mkeka karibu na mizinga, mbele yake dele la kahawa na sahani ya tende, bunduki juu ya mapaja. Pembeni mwa mkeka keremkerem watatu wamelala, migongo juu. Aliniita. Nikakaa, kwa kuwa mtu akikuita kahawani huku huwezi kupita tu. Nikajifanya sioni wale watatu.

Lazima nikueleze kahawa ya huku, maana ndiyo iliyoniponza au kuniokoa, sijui. Kikombe ni kidogo, hakina mkono, na humiminiwa kidogo tu chini. Unakipokea kwa mkono wa kulia, unakunywa, unakirudisha, unamiminiwa tena, na ukitosheka unakitikisa. Hakikai mkekani. Miaka yote hii nilikunywa na sikupata kukiweka chini, si kwa adabu, ila kwa kuwa kahawa yenyewe huisha kabla hujafikiri. Siku ile Hamud alinimiminia, mara kundi likashuka juu ya mti wa sumri, ndege kumi na zaidi, na jua la asubuhi likawapata vifuani. Mkono mmoja nina tende, mwingine kikombe. Nikakiweka kikombe mkekani, sijakionja, kama tulivyokuwa tukifanya barazani Kikwajuni, ambako kahawa ya mtu humngojea mpaka amalize ubishi wake. Nikainua shingo kutazama.

Nilipogeuka, Hamud alikuwa ameondoa mkono kwenye bunduki na ananitazama usoni.

"Kunywa kahawa yako," akasema.

"Nitakunywa."

"Kunywa sasa."

"Ngoja, bwana, nawatazama hawa."

Akaliweka dele chini polepole. "Abu Khalfan, sisi ni majirani, ukuta kwa ukuta. Ulikuwa na haja gani ya kunifanyia haya? Ungesema kwa mdomo. Na kama ni binti yangu mdogo kwa ajili ya Khalfan, ameshaposwa, wallahi, tangu mwezi wa Maulidi."

"Binti gani? Mimi nimesema habari ya binti?"

"Kikombe kimesema."

Hapo ndipo alipoona kuwa sijui, akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kutawadha. Mgeni akiweka kahawa yake chini bila ya kuionja, amesema: sinywi mpaka unipe nililolijia. Mwenye nyumba ama atoe, ama abaki na aibu ya mgeni kuondoka mdomo mkavu. Watu wameposea kwa kikombe hicho, akasema, na watu wamesamehewa damu.

Ningeweza kucheka na kumwambia kwamba kwetu kikombe chini ni kikombe chini tu. Neno hilo lilikuwa ulimini. Lakini macho yangu yaliangukia wale watatu pembeni mwa mkeka, na mmoja alikuwa na nyuki bado mdomoni.

"Basi haja yangu ni hawa," nikasema. "Usiwapige tena."

Akageuka kuutazama mti. Huko mtini kundi linasukutua tu, halina habari kwamba linazungumzwa.

"Umejua kuomba," akasema mwishowe. "Watu wanaomba wake, wanaomba kusamehewa damu, wewe unaniombea wezi. Kunywa. Nimekupa."

Nikanywa, imeshapoa.

"Lakini niambie," akasema, akinimiminia tena, "nyuki wangu atawalinda nani?"

"Mimi," nikasema.

Basi ndiyo kazi yangu sasa, mdogo wangu. Kaka yako aliyefundisha hesabu na historia yuko chini ya mti wa sumri kila asubuhi, ana debe tupu na kijiti. Nyuki wanapoanza kutoka napiga debe, keremkerem wanaruka, wanakwenda mbali, wanarudi, napiga tena. Nimeumwa na nyuki shingoni na sikioni, maana nyuki hawakuambiwa kuwa mimi ni mlinzi wao. Wanafunzi wangu wa zamani, sasa watu wenye ndevu na magari, wanapunguza mwendo barabarani na kuniita, "Ustadh, kengele ya mapumziko?" Nawajibu, "Wewe ulikuwa huisikii hata ilipokuwa kengele." Zuwena alikuja siku ya pili kujionea. Akasimama mbali, kanga kichwani, akatikisika kwa kicheko mpaka akashika mtende.

"Miaka yote unawakaribisha," akasema, "na leo unawafukuza kwa debe."

"Nawafukuza ili waishi."

"Ndivyo walivyotuambia na sisi mwaka wa sitini na nne," akasema, na hapo hakucheka tena, wala mimi sikucheka.

Kazi hiyo ndiyo iliyonibakiza nje mpaka jua linapanda, wakati ambao zamani nilikuwa nimeshakaa sebuleni na chai. Na kwa kubaki nikaanza kuona jambo. Makundi makubwa hupita juu na kuendelea kaskazini, huyaoni tena. Lakini hawa wa mizinga, jozi sita au saba, nikiwafukuza hawaendi kaskazini. Huenda upande mmoja tu, wadini, na kurudi kutoka huko huko. Juma lililopita, nyuki walipotulia, nililiweka debe chini nikawafuata.

Walikuwa kwenye ukingo wangu. Ule ule ninaoutazama kila asubuhi nikiwa juu ya jiwe, wenye matundu ambayo siku zote niliyachukulia kuwa ya panya au ya mafuriko ya zamani. Asubuhi na mapema huwa kimya, kumbe wanangoja jua liupashe mchanga moto. Sasa pale mbele yangu keremkerem ameng'ang'ania ukutani, anadonoa udongo kwa mdomo, kisha anaingia nusu mwili, na mchanga unaruka nyuma kwa miguu yake kama anayefagia kwa hasira. Mwenzake amekaa juu ya mzizi uliotokeza, ana nyuki mdomoni, anampiga kwenye mzizi, upande huu na upande huu, mpaka mwiba umtoke. Mchimbaji alipotoka, uso umejaa vumbi, mwenzake akasogea akampa. Akameza, akarudi kuchimba.

Nilikaa juu ya jiwe, jua likanichoma na sikujali. Ndege hachimbi ugenini. Anachimba pale atakapotaga, na anataga kwao. Miaka kumi na mitatu nimewafundisha watoto wa watu kwamba hawa ni watu wa Unguja wanaokuja Oman kutembea. Kumbe wametoka kwenye udongo huu wa Ibra, na mama zao kabla yao, na waliokuwa wakija kutembea ni wale wa kwenye waya wa Bububu. Sisi ndio tuliokuwa wenyeji wao wakati wa baridi ya huku, mimi na wewe na kifuu chako cha maji.

Hapo nikamkumbuka mama. Sijui kama wewe unakumbuka, ulikuwa mdogo, hujaanza chuo. Asubuhi moja ya masika tulitoka, waya mtupu, ukamkimbilia mama jikoni ukamuuliza keremkerem wamekwenda wapi. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa. Akasema, "Wamekwenda kwao." Ukaanza kulia. Ukasema, "Kwao si hapa?" Mama akasema, "Hapa wanakuja. Kwao ni kwao." Akaendelea kukuna nazi. Neno hilo lilikaa kwangu maisha yangu yote bila ya mimi kujua kuwa ninalo.

Mchana nilimsimulia Zuwena juu ya sinia ya wali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachambua mwiba wa samaki, akaniuliza, "Na barua ya Raya utaijibu lini?"

"Nakusimulia habari za ndege."

"Nami nakuuliza habari za barua. Tangu ije unazunguka nayo ndani ya kanzu."

Nikamwambia sijui niandike nini. Nikamwambia huenda nikenda kutazama tu, kwanza.

"Unataka kurudi Unguja ya mwaka gani?" akasema. "Hiyo ya leo ina watu wake. Mbarouk yumo humo, anataka kuoa. Hiyo uliyo nayo wewe haina ndege inayokwenda."

Usimkasirikie wifi yako. Yeye analia Unguja yake peke yake, jikoni, akipika mkate wa ufuta, na hataki shahidi.

Kesho yake nikamweleza Hamud habari za matundu. Alikuwa hajapata kuufikiria ukingo ule, kwake mwizi ni mwizi popote alalapo. Akakuna ndevu.

"Basi si wageni," akasema. "Ni majirani. Na jirani mwizi mbaya kuliko mgeni mwizi, maana haondoki." Kisha akaitazama mizinga yake, ambayo mwaka huu inavuma kama kinu cha mashine, akasema, "Kikombe chako ni cha mwaka huu tu, au na mwakani? Mwakani atapiga debe nani?"

"Mimi," nikasema. "Nani mwingine?"

Nikalisikia jibu hilo likitoka kinywani mwangu, Raya, halikutafuta ruhusa. Hamud akaridhika, akaendelea na mambo yake. Mimi nikabaki nimesimama na debe, nikajua kuwa nimekujibu na wewe.

Usiifanye habari hii kuwa hekaya yenye mafunzo mwishoni. Mimi si keremkerem. Mimi na wewe tulizaliwa Kikwajuni, wala sitamwambia mtu kwamba kwetu ni kwingine. Nikisikia harufu ya karafuu nasimama. Wajukuu wangu wa upande wa binti wanasema "ndege hii imekuja", nawasahihisha, wananitazama kwa huruma na kurudi kwenye Kiarabu chao. Kuna siku sina mtu wa kumwambia mzaha, kwa kuwa mzaha wenyewe unataka mtu aliyemjua muuza urojo wa kona yetu. Hayo nayaweka mahali pake na siyakanushi. Ninalosema ni dogo zaidi. Ndege anajulikana kwao kwa pale anapochimba, nami nimechimba hapa. Nimepanda mindimu na inazaa. Nimezika hapa, mama yake Zuwena yuko nyuma ya kilima. Nimefundisha watoto mpaka wakawa watu wazima wa kunicheka barabarani. Na mwakani miti ya sumri ikitoa maua kuna mtu atanitazamia, na ndege wa kufa au kuishi kwa ajili ya debe langu. Kwa mtu wa umri wangu hiyo si haba. Siandiki haya kwa unyonge, nayaandika nikiwa nimeshiba.

Sasa sikiliza habari ya chumba. Dirisha la upande wa msikiti lina bawaba iliyolegea, Mbarouk aipige msumari kabla ya bibi harusi kuingia, maana upepo wa kusi hulibamiza. Pembe ya juu ya kabati hudondosha maji masika, mama alikuwa akiweka beseni, lakini mwambie Mbarouk apande juu ageuze bati badala ya kumwachia mke beseni. Kitanda cha besera ni chao. Vitabu vyangu, kama mchwa amebakisha, Mbarouk achague anavyovitaka, vilivyobaki vipelekwe skuli. Kanzu zilizomo sandukuni wape watu. Usiweke kitu kwa ukumbusho. Umekilinda chumba kile miaka ishirini na mmoja, na hakuna dada aliyemfanyia kaka yake zaidi ya hayo. Sasa kifungue madirisha, kipigwe chokaa.

Nifikishie salamu zangu kwa Mbarouk, bwana harusi, na umwambie mjomba wake anamtaka asiwe mbishi ndani ya nyumba kama alivyokuwa mjomba wake. Msalimie mkweo mtarajiwa, mtoto wa watu, mwambie chumba kina jua la asubuhi. Msalimie shangazi Moza, aliyetulea sote kwa fimbo na kashata. Msalimie Bi Mwanaisha, somo wa mtaa, ambaye bila shaka ndiye atakayemfunda bibi harusi, na Mzee Idi anayeadhini msikitini, kama sauti bado inampanda. Zuwena anakusalimu sana na anakuletea kwa mkono wa mchukuzi wa barua hii chupa ya asali ya sumri, ya Hamud, kwa ajili ya goti lako. Hamud mwenyewe amesema ni zawadi ya harusi kutoka kwa nyuki waliosalimika.

Vuli ikifika, utazame waya wa Bububu ukipata gari la kukupeleka. Watakaokuja wametoka kwangu. Wawekee maji, hata wasipokunywa.

Chumba ni cha Mbarouk. Mimi sirudi.

Kaka yako,
Nassor